Timu Iliyoshinda Kila Mchezo Ikaachwa Nje: Msimu wa 2023 wa Florida State

Jumapili ya Desemba 3, 2023, wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Florida State walikaa mbele ya televisheni mjini Tallahassee wakisubiri kutajwa kwa timu nne ambazo zingewania ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi yao. Walikuwa wamecheza michezo 13 na kushinda yote 13. Majina yaliposomwa, nafasi ya nne ilikwenda kwa Alabama, timu iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja, na Florida State ikapangwa ya tano. Tangu mfumo wa timu nne uanze mwaka 2014, hakuna bingwa wa mojawapo ya ligi tano kubwa aliyewahi kumaliza bila kupoteza kisha akaachwa nje.

Kwa mtu aliyekulia kwenye soka, habari hii haiingii akilini kwa urahisi. Tumezoea kwamba msimamo wa ligi haubishaniwi: ukishinda unapewa pointi tatu, ukitoka sare unapewa moja, na mwisho wa msimu aliye juu ndiye bingwa hata kama mshambuliaji wake amevunjika mguu wiki iliyopita na kila mchambuzi anakubali kwamba aliye wa pili anacheza vizuri zaidi. Futiboli ya vyuo vikuu haina msimamo wa namna hiyo kwa taifa zima, na haijawahi kuwa nao. Ina watu wanaoketi chumbani na kuamua. Ili kuelewa kilichoipata Florida State, ni lazima kwanza kuelewa kwa nini watu hao wapo.

Sababu ya kwanza ni hesabu tupu. Mwaka 2023 daraja la juu la mchezo huu lilikuwa na timu 133, na kila timu hucheza michezo 12 katika msimu wa kawaida. Ligi ya soka yenye timu 16 humaliza kazi yake kwa michezo 30, nyumbani na ugenini, na kila mmoja amekutana na kila mmoja. Hapa, ili kila timu ikutane na nyingine zote mara moja tu, ingebidi kila moja icheze michezo 132, na huu ni mchezo ambao wachezaji hugongana kwa miili yao yote kiasi kwamba mchezo mmoja kwa wiki ndio kipimo cha kawaida cha kinachovumilika. Matokeo yake ni kwamba timu mbili nzuri zinaweza kumaliza msimu bila kukutana, na hata bila kuwa na mpinzani mmoja waliyecheza naye zote mbili. Ushindi 12 wa huyu na ushindi 11 wa yule havipimwi kwa mzani mmoja, kwa kuwa havikupatikana kwa watu wale wale.

Kwa miongo mingi pengo hilo lilizibwa kwa kura. Tangu mwaka 1936 shirika la habari la Associated Press limekuwa likiwapigisha kura waandishi wa michezo, na baadaye makocha nao wakawa na kura yao, na ilitokea zaidi ya mara moja waandishi wakamtawaza huyu na makocha wakamtawaza yule, kila chuo kikabaki na kombe lake na hoja yake. Kati ya mwaka 1998 na 2013 ulitumika mfumo uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali. Florida State yenyewe ndiyo iliyofunga enzi hiyo, ilipoifunga Auburn 34-31 mjini Pasadena Januari 2014. Baada ya hapo ikaundwa kamati ya watu 13, wengi wao wakuu wa michezo wa vyuo na makocha wastaafu, ambayo hupanga timu kwa ubora na, mwisho wa kila msimu hadi 2023, ilitaja nne za hatua ya mtoano.

Sababu ya pili ya mkanganyiko iko katika viti vyenyewe, yaani zile nafasi nne za mtoano. Timu za vyuo zimegawanyika katika konferensi, ambazo msomaji wa soka anaweza kuzichukulia kama ligi ndogo ndogo zinazojitegemea, kila moja ikiwa na bingwa wake, mikataba yake ya televisheni na majivuno yake. Mwaka 2023 zilizohesabiwa kuwa kubwa zilikuwa tano: SEC ya majimbo ya kusini, Big Ten, Big 12, Pac-12 ya pwani ya magharibi, na ACC ya pwani ya mashariki, ambamo ndimo ilimo Florida State. Mabingwa watano, viti vinne. Aliyebuni mpango huo alijua kwamba kila mwaka angalau bingwa mmoja atasimama. Kwa miaka tisa jambo hilo lilipita bila kelele nyingi kwa sababu kila mwaka angalau bingwa mmoja wa ligi kubwa alikuwa amejikwaa mahali fulani, na aliyejikwaa hana pa kulalamikia. Mwaka wa kumi, ambao ulikuwa wa mwisho kabla ya mfumo kupanuliwa, bahati hiyo ikaisha.

Niongeze jambo ambalo mashabiki wa Florida State hawakupenda kukumbushwa. Msimu huo huo kulikuwa na timu nyingine iliyoshinda michezo yake yote 13: Liberty, bingwa wa ligi ndogo iitwayo Conference USA. Kamati iliipanga ya 23. Hakuna mwanasiasa aliyeandika barua kwa ajili yake. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Central Florida nacho kilimaliza bila kupoteza na hakikukaribia nafasi ya nne, kikaamua kujitangazia ubingwa chenyewe. Kwa hiyo kanuni kwamba asiyeshindwa haachwi haikuwahi kuwa kanuni ya mchezo huu. Ilikuwa desturi ya wakubwa, na hasira ya Desemba 2023 ilitokana na mkubwa kutendewa kama mdogo.

Tugeukie msimu wenyewe, maana bila kuujua huwezi kupima uamuzi. Kocha Mike Norvell alikuwa katika mwaka wake wa nne. Alipoajiriwa mwishoni mwa 2019 alipokea klabu yenye historia kubwa na hali mbaya: chini ya Bobby Bowden, kocha aliyewapa ubingwa wa taifa mwaka 1993 na 1999, Florida State ilikuwa miongoni mwa majina yanayoogopwa, lakini katika mwaka wa kwanza wa Norvell ilishinda michezo mitatu na kupoteza sita, na mwaka wa pili ilishinda mitano na kupoteza saba. Mwaka wa tatu ilishinda 10. Alichofanya ni kutumia kwa ustadi ruhusa mpya ya wachezaji kuhama chuo kimoja kwenda kingine. Keon Coleman, mpokeaji mrefu wa mipira ya juu, alitoka Michigan State. Jared Verse, mlinzi wa pembeni anayemsaka mrushaji wa timu pinzani, alitoka chuo kidogo cha Albany. Hata Jordan Travis, aliyekuwa roho ya timu, alikuwa ameanzia Louisville.

Travis alikuwa kwotabeki, na kwa sababu mzozo wote unazunguka nafasi hiyo, inafaa kueleza uzito wake. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikifaulu inapata majaribio manne mapya, ikishindwa inaukabidhi mpira. Karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa kwotabeki, ambaye kwa sekunde mbili au tatu, huku watu wa kilo 130 wakimjia, huamua kama ataurusha, atampa mkimbiaji, au atakimbia nao mwenyewe. Katika soka hakuna nafasi inayofanana nayo. Kipa anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa, na mshambuliaji anaweza kuwa na siku mbaya timu ikashinda. Kwotabeki mbaya huonekana katika kila jaribio. Msimu huo Travis alirusha mipira 20 iliyozaa tachidauni, lile bao la alama sita, na akanyang'anywa mpira hewani mara mbili tu, uwiano unaoonyesha mtu mwenye jicho na subira.

Mchezo wa kwanza, Septemba 3 mjini Orlando, uliwaweka mbele ya LSU, timu ya SEC iliyokuwa imepangwa ya tano nchini, yenye kwotabeki Jayden Daniels ambaye mwisho wa mwaka angetwaa Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Florida State ilishinda 45-24, Coleman akidaka tachidauni tatu. Wiki tatu baadaye walikwenda Clemson, mahali ambapo hawakuwa wameshinda tangu 2013, dhidi ya mpinzani aliyekuwa amewafunga mara saba mfululizo. Walikuwa nyuma karibu muda wote. Beki Kalen DeLoach alimpokonya mpira kwotabeki wa Clemson akakimbia nao yadi 56 hadi mwisho wa uwanja na kusawazisha. Kisha, dakika za mwisho, mpigaji wa Clemson akakosa teke la yadi 29 ambalo lingemaliza kazi, na katika kipindi cha nyongeza Coleman akadaka mpira wa ushindi, 31-24. Kati ya michezo hiyo miwili waliponea chupuchupu kwa Boston College, 31-29. Baada ya Clemson mambo yakawa mepesi: Virginia Tech, Syracuse, Duke, Wake Forest na Pittsburgh wote walipigwa kwa tofauti ya alama zisizopungua 17, na Miami, jirani na hasimu, akafungwa 27-20.

Halafu ikaja Novemba 18. Mpinzani alikuwa North Alabama, timu ya daraja la chini, ya aina ambayo vyuo vikubwa huilipa ili ije kufungwa. Katika robo ya kwanza Travis alikimbia na mpira, akakamatwa vibaya, na mguu wake wa kushoto ukaumia kwa namna ambayo waliokuwa uwanjani Doak Campbell waligeuza nyuso zao. Aliondolewa kwa kigari. Timu yake, iliyokuwa nyuma 13-0, ilifunga alama 58 bila kujibiwa. Ushindi huo haukumfurahisha mtu.

Michezo miwili iliyobaki ndiyo kiini cha kesi. Wa kwanza ulikuwa dhidi ya Florida, hasimu wao wa ndani ya jimbo, mjini Gainesville, na kwotabeki wa akiba Tate Rodemaker akauongoza kwa kusuasua hadi ushindi wa 24-15, tachidauni zote tatu zikifungwa na mkimbiaji Trey Benson. Katika mchezo huo Rodemaker mwenyewe akaumia kichwa. Hivyo fainali ya ACC dhidi ya Louisville, Desemba 2 mjini Charlotte, ikaanzwa na kwotabeki wa tatu, Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza. Mashambulizi yao yalikuwa ya kuhuzunisha kuyatazama. Safu ya ulinzi, kwa upande wake, ilicheza mmoja wa michezo mizuri zaidi iliyoonekana mwaka ule na kuizuia Louisville isifunge tachidauni hata moja. Matokeo yalikuwa 16-6. Aliyetazama mchezo ule aliondoka na mojawapo ya hisia mbili, kutegemea alikuwa akiangalia upande gani wa mpira: ama timu hii haiwezi kumfunga mtu, ama timu hii haifungiki.

Kabla ya wikiendi hiyo kamati ilikuwa imeipanga Georgia ya kwanza, Michigan ya pili, Washington ya tatu na Florida State ya nne. Texas ilikuwa ya saba na Alabama ya nane. Kama Georgia ingeshinda, hesabu zingekuwa nyepesi: timu nne ambazo hazijafungwa, viti vinne, kila mtu alale. Lakini siku ile ile ya Desemba 2, huko Atlanta, Alabama iliifunga Georgia 27-24 na kukata mfululizo wake wa ushindi 29. Michigan na Washington zikashinda fainali zao. Texas ikashinda ubingwa wa Big 12 kwa 49-21.

Hapo ndipo fundo lilipokaza, na ni vyema kulifungua uzi kwa uzi. Michigan na Washington hazikuwa na tatizo, kwa kuwa zilikuwa mabingwa wasioshindwa. Vilibaki viti viwili kwa timu tatu. Alabama ilikuwa bingwa wa ligi iliyoaminika kuwa ngumu kuliko zote, na imetoka kumwangusha aliyekuwa wa kwanza nchini. Kumwacha kungemaanisha mtoano wa kwanza kabisa bila timu ya SEC. Ila Alabama ilikuwa imefungwa mara moja tu msimu mzima, na aliyeifunga, mwezi Septemba, nyumbani kwa Alabama yenyewe, kwa 34-24, alikuwa Texas. Basi huwezi kuiingiza Alabama ukaiacha Texas, zote zikiwa zimepoteza mchezo mmoja na zote zikiwa mabingwa, bila kuidhihaki kanuni ya kawaida kabisa ya michezo, kwamba aliyemfunga mwenzake yu mbele yake. Alabama ikiingia inaivuta Texas kama behewa linavyovutwa na kichwa cha treni. Njia zilikuwa mbili tu: Texas na Florida State ziingie na Alabama ibaki, au Alabama na Texas ziingie na Florida State ibaki. Kamati ilichagua ya pili.

Je, ilivunja kanuni? Hapana, na hili ndilo ambalo kelele nyingi zililificha. Maelekezo ya kamati yanaitaka ichague timu zilizo bora, na kati ya mambo yanayoruhusiwa kuzingatiwa, pamoja na ubingwa wa ligi, ugumu wa ratiba na matokeo ya timu zilizokutana, limo pia suala la kukosekana kwa wachezaji au makocha muhimu ambako kunaweza kuathiri uchezaji wa timu baada ya msimu. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, mkuu wa michezo wa chuo cha North Carolina State, alieleza kwamba bila Travis, Florida State ilikuwa timu tofauti na ile ya wiki 11 za kwanza. Kwa maneno mengine, kamati haikusema kwamba Florida State haikustahili. Ilisema kwamba haitakuwa bora.

Maneno hayo mawili, kustahili na ubora, hutumiwa kama mapacha, lakini katika michezo yana wazazi tofauti. Kustahili hutazama nyuma: umefanya nini, umemfunga nani, umeanguka wapi. Ubora, kwa maana iliyotumika hapa, hutazama mbele: mkikutana kesho, nani atashinda? Swali la kwanza lina jibu lililoandikwa tayari. La pili ni utabiri, na kasoro ya utabiri wa aina hii ni kwamba hauwezi kusutwa. Ukimzuia mtu asipande ulingoni kwa sababu unaamini atapigwa, hutajua kamwe kama ulikosea, na yeye hatakuwa na namna ya kukuonyesha. Ndiyo maana nadhani kamati, pamoja na kutovunja kanuni yoyote, ilikosea. Timu iliyopoteza kwotabeki wake na bado ikawafunga Florida na Louisville ilikuwa imelijibu swali hilo uwanjani kwa kadiri ilivyopewa nafasi, na zaidi ya hayo ilikuwa imecheza mara mbili na timu za SEC, LSU na Florida, ikashinda zote.

Historia ya kamati yenyewe ilikuwa na mfano wa kuizuia isijiamini mno. Mwaka 2014, mwaka wa kwanza wa mfumo huu, Ohio State ilifika mwisho wa msimu ikiwa imewapoteza kwa majeraha makwotabeki wawili, Braxton Miller na J.T. Barrett. Wa tatu, Cardale Jones, alianza fainali ya Big Ten dhidi ya Wisconsin, timu yake ikashinda 59-0, kamati ikaiingiza kama ya nne, nayo ikabeba ubingwa wa taifa. Watetezi wa kamati watasema, na wana haki, kwamba 59-0 si 16-6. Ni kweli. Jones alimshawishi kila aliyetazama, Glenn hakumshawishi yeyote. Lakini ukikubali hoja hiyo umekubali pia kwamba kigezo ni kupendeza machoni, na ukiwa mlinzi uliyeizuia Louisville isivuke mstari usiku kucha, una haki ya kuuliza kazi yako inahesabiwa wapi. Travis mwenyewe aliandika siku ile kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu ile ilikuwa zaidi ya kwotabeki mmoja. Katika ufafanuzi wote uliotolewa wiki hiyo, sidhani kama kuna uliogusa kasoro ya uamuzi ule kwa usahihi kuliko sentensi hiyo ya mgonjwa.

Badala ya mtoano Florida State ilipewa mchezo wa heshima wa Orange Bowl, Desemba 30 huko Miami Gardens, dhidi ya Georgia, ambayo nayo ilikuwa imeachwa. Ilifungwa 63-3. Hakuna mchezo wa bowl katika historia uliomalizika kwa tofauti kubwa kuliko hiyo, na hadi leo wapo wanaoitaja kama hati ya kuithibitisha kamati. Hoja hiyo haisimami hata kidogo. Zaidi ya wachezaji ishirini wa Florida State hawakucheza: baadhi walikuwa majeruhi, baadhi walijitoa ili wasiumie kabla ya kuingia ligi ya kulipwa ya NFL, na wengine, akiwemo Rodemaker, walikuwa wakihamia vyuo vingine. Majira ya kuchipua yaliyofuata, wachezaji 10 wa kikosi hicho waliteuliwa na klabu za NFL, Verse akiwa katika raundi ya kwanza. Kikosi kilichopigwa Miami hakikuwa kile kilichoshinda Charlotte, na hakuna ajuaye wangapi wangejitoa kama wangekuwa wanacheza nusu fainali. Wala upande wa pili hauna ushahidi ulio bora: Alabama ilifungwa na Michigan 27-20 katika kipindi cha nyongeza, Texas ikafungwa na Washington 37-31, na Michigan ikawa bingwa. Timu zote mbili zilizopewa nafasi zilicheza vizuri na kushindwa. Hilo halituambii lolote juu ya timu ambayo haikupewa.

Uwanjani msimu ukawa umekwisha, lakini mahakamani ulikuwa ndio unaanza. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Florida aliitaka kamati itoe nyaraka zake. Gavana Ron DeSantis alipendekeza kutengwa kwa dola milioni 1 kwa ajili ya kesi. Kesi iliyokuja kuwa nzito, hata hivyo, haikuwa dhidi ya kamati. Desemba 22 bodi ya wadhamini ya chuo iliishtaki ACC, ligi yao wenyewe, siku moja baada ya ligi hiyo kuwahi kufungua shauri lake huko North Carolina. Msomaji anaweza kushangaa: ACC ilikuwa imewakosea nini? Jibu liko katika fedha. Vyuo vya ACC vilikuwa vimeikabidhi ligi haki zao za matangazo ya televisheni hadi mwaka 2036, wakati SEC na Big Ten zikisaini mikataba minono zaidi na kuziacha nyuma. Malalamiko hayo yalikuwepo tangu kabla ya msimu, na mwezi Agosti 2023 rais wa chuo alikuwa amesema hadharani kwamba huenda wakalazimika kufikiria kuondoka. Kilichoongezwa na Desemba 3 ni hoja mpya: kwamba kubaki ACC hakugharimu fedha tu, kunagharimu hata heshima ya ushindi wako. Chuo kilikadiria kwamba kutoka kungekula dola milioni 572. Machi 2025 pande zote, pamoja na Clemson iliyokuwa imefungua kesi yake, zilipatana: mapato yakaanza kugawanywa kwa kuzingatia zaidi ni timu zipi zinazotazamwa, na gharama ya kuondoka ikapangwa ishuke mwaka hadi mwaka mpaka dola milioni 75.

Mtoano wa timu 12, ambao ulikuwa umekwisha kupitishwa tangu 2022, ulianza mwaka 2024. Chini yake, ulipoanza, mabingwa watano wa ligi wenye viwango vya juu waliingia moja kwa moja, bila mtu kuulizwa kama kwotabeki wao ni mzima. Mfumo huo ungewahi kwa miezi 12 tu, Florida State ingekuwa ndani. Badala yake, wa kwanza kufaidi nafasi hiyo ya bingwa wa ACC alikuwa Clemson, aliyeingia akiwa amepoteza michezo mitatu. Bingwa wa taifa mwaka huo, Ohio State, alikuwa amepoteza miwili, mmoja wao nyumbani kwake mwenyewe dhidi ya hasimu wake Michigan, 13-10, wiki moja tu kabla ya fainali za ligi. Aliifunga Tennessee, Oregon, Texas na Notre Dame kwa mpangilio huo akabeba kombe, na hakuna aliyesema kwamba hakustahili.

Florida State yenyewe ilikuwa mbali na mazungumzo hayo. Ilianza msimu wa 2024 mjini Dublin, Ireland, ikiwa imepangwa ya 10 nchini, ikafungwa na Georgia Tech 24-21, na ikamaliza kwa ushindi mara mbili na vipigo 10. Agosti 30, 2025 ikapata mgeni Tallahassee kwa mchezo wa kufungua msimu, naye alikuwa Alabama. Ilimfunga 31-17, mashabiki wakaingia uwanjani, na kwa wiki chache ikaonekana kana kwamba deni la zamani limelipwa. Kisha vipigo vikarudi, timu ikamaliza na ushindi mitano na vipigo saba, na ilipofika Desemba, Alabama, ikiwa imepoteza michezo mitatu, ilikuwamo katika zile timu 12. Florida State haikuwamo, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini.